Milioni 555 za Messi: Nani Alimlipa Nani?

Kitenzi "kulipa" katika Kiswahili kina kazi mbili. Mwajiri humlipa mfanyakazi, na biashara nayo hulipa, yaani huleta faida. Kwa hiyo mtu akiuliza kama mkataba wa Lionel Messi na Barcelona ulilipa, ameuliza maswali mawili kwa mkupuo mmoja: Messi alichukua kiasi gani, na Barcelona ilipata nini? Wengi hujibu la kwanza, wakashtushwa na ukubwa wa tarakimu, kisha wakadhani wamekwisha jibu na la pili. Gazeti la El Mundo la Hispania lilifanya hivyo hivyo Jumapili ya tarehe 31 Januari 2021. Siku hiyo lilichapisha habari za mkataba ambao Messi aliutia saini Novemba 2017: kurasa 30, misimu minne, na jumla ya hadi euro 555,237,619. Kichwa cha habari kiliufananisha mkataba huo na mambo ya Mafarao, tena kikasema kwamba unaiangamiza Barcelona.

Klabu ilikasirika. Ilikana kwamba ndiyo iliyovujisha karatasi hizo, ikasema italishtaki gazeti. Lakini hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa, nayo inarudiwa mpaka leo: Messi alikula, Barcelona ikafilisika. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ilimkamata asiyehusika. Fedha za Messi zilikuwa nyingi mno, hilo silikatai, na kuna kipengele cha mkataba ule ambacho siwezi kukitetea hata kidogo. Hata hivyo, kati ya mikataba yote mikubwa ambayo Barcelona iliandika katika miaka ile, wa Messi ndio uliokuwa na sababu nzuri kuliko yote. Ubaya wake uko katika saa ulipoandikwa, na katika yale ambayo viongozi walijiruhusu kuwafanyia wachezaji wengine baada ya kuuandika.

Tuzitazame tarakimu zenyewe kwanza. Milioni 555 ilikuwa dari, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho Messi angepata iwapo masharti yote ya bonasi yangetimia. Kwa msimu mmoja ilikuwa hadi milioni 138 hivi, mshahara na bonasi pamoja. Ndani ya jumla hiyo mlikuwa na milioni 115 za kukubali tu kutia saini, na takribani milioni 78 nyingine zilizoitwa za uaminifu. Kufikia siku gazeti lilipotoka, zaidi ya milioni 500 zilikuwa zimekwisha kuwa haki yake. Karibu nusu ya fedha hizo ilikuwa ya kodi. Wale wanaopenda kuhesabu fedha za watu husahau kumtaja mshirika huyu mkubwa wa Messi, Hazina ya Hispania, ambaye hakuwahi kupiga hata kona moja.

Alifanya nini kwa fedha hizo? Msimu wa 2017/18 alifunga mabao 45 katika mashindano yote. Uliofuata alifunga 51, kisha 31, na wa mwisho 38. Jumla ni mabao 165. Ukigawanya 555 kwa 165, kila bao linakuja na bei ya euro milioni 3.36. Hesabu hii hupendwa sana na wachambuzi wa redioni, nami nimeifanya kwa makusudi ili nionyeshe ilivyo dhaifu. Katika msimu wa 2019/20, ule wenye mabao machache kuliko yote, Messi aliongoza Ligi ya Hispania kwa mabao na pia kwa pasi za mabao. Pasi hizo tutaziwekea bei gani? Na yule beki wa timu pinzani ambaye hakuthubutu kupanda mbele dakika 90 nzima kwa sababu Messi alikuwa nyuma yake, huyo tutamwandika katika safu gani ya daftari?

Vikombe navyo havitoi jibu safi. Katika miaka minne ya mkataba, Barcelona ilichukua ubingwa wa Hispania mara mbili, 2018 na 2019, na Kombe la Mfalme mara mbili, 2018 na 2021. Klabu nyingi za Ulaya zingesherehekea mavuno hayo kwa kizazi kizima. Lakini mkataba ule uliandikwa kwa ajili ya Ligi ya Mabingwa, na huko kulikuwa na msiba juu ya msiba. Aprili 2018 Roma iliwatoa kwa 3-0 baada ya Barcelona kushinda 4-1 nyumbani. Mei 2019 Messi aliifunga Liverpool mabao mawili Camp Nou, la pili kwa mpira wa adhabu uliokwenda kwenye pembe ya juu ya goli, nalo lilikuwa bao lake la 600 kwa klabu hiyo. Matokeo yakawa 3-0. Wiki iliyofuata Anfield, Liverpool walirudisha yote na kuongeza. Bao la nne lilitokana na kona iliyopigwa haraka huku mabeki wa Barcelona wakiangalia kwingine. Agosti 2020 wakaja Bayern Munich na yale mabao manane kwa mawili ambayo hakuna shabiki anayehitaji kukumbushwa.

Wanaosema mkataba haukulipa huonyesha usiku hizo tatu. Mimi nazitazama usiku hizo hizo nikaona kitu kingine. Camp Nou ilimpa mtu mmoja fedha zake naye akafanya kazi yake, kisha kule Anfield kona ikapigwa na hapakuwa na mtu wa kuigeukia. Swali linalofuata ni rahisi: hao wengine kumi waligharimu kiasi gani?

Hapa ndipo habari ilipo, na hapa nitakaa kidogo.

Agosti 2017 Paris Saint-Germain, yaani PSG, walilipa euro milioni 222 wakamchukua Neymar. Ilikuwa bei ambayo dunia ya mpira haikuwahi kuiona. Barcelona ikabaki na mfuko uliojaa na kikosi chenye pengo, na kila muuzaji wa Ulaya alijua mambo yote mawili. Mwezi huo huo ikamnunua Ousmane Dembélé, kijana wa miaka 20, kwa milioni 105 na nyongeza juu yake. Januari 2018 ikamnunua Philippe Coutinho kwa milioni 120, pamoja na nyongeza zilizoweza kufika 40. Julai 2019 ikamwongeza Antoine Griezmann kwa milioni 120. Watatu hao ni milioni 345 kabla ya nyongeza, na hiyo ni ada ya kuwatoa walikokuwa tu, wala hatujagusa mishahara yao. Coutinho aliazimwa Bayern, na katika yale mabao manane mawili ni yake, aliyoyafunga dhidi ya waajiri wake mwenyewe. Mwaka 2022 aliuzwa Aston Villa kwa takribani milioni 20. Dembélé alikuwa majeruhi muda mwingi, akaenda PSG mwaka 2023, na huko ndiko alikoshinda Ballon d'Or ya 2025. (Mtu akitaka ushahidi kwamba thamani ya mchezaji hutegemea mahali anapowekwa, ndio huo.)

Katikati ya ununuzi huo ndipo mkataba wa Messi ulipotiwa saini. Ule wa zamani ulikuwa unakwisha Juni 2018. Kwa sheria za mpira, kuanzia Januari ya mwaka huo angekuwa huru kuzungumza na klabu yoyote ya nje na kuondoka bila Barcelona kupata senti. Neymar alikuwa ameondoka miezi mitatu tu iliyopita. Rais wa klabu, Josep Maria Bartomeu, hangeweza kusimama mbele ya wanachama na kuwaambia kwamba amempoteza na Messi pia. Messi na baba yake, ambaye ndiye aliyesimamia mambo yake, walilijua hilo vizuri. Mnunuzi mwenye hofu na saa inayokimbia halipi bei ya bidhaa. Analipa bei ya hofu yake. Zile milioni 115 za kutia saini ndizo hasa gharama ya kuchelewa. Mkataba wa namna hiyo ungeweza kujadiliwa mwaka mmoja au miwili mapema, kwa utulivu, na nina hakika tarakimu zingekuwa nyingine.

Tukumbuke mkataba wa kwanza ulivyokuwa. Desemba 2000 Carles Rexach, aliyekuwa mtendaji wa klabu, aliandika ahadi ya kumsajili mtoto wa miaka 13 kutoka Rosario juu ya karatasi ya kujifutia mikono mezani, kwa kuwa baba wa mtoto alikuwa amechoka kungoja. Klabu ikakubali kugharimia sindano za kumsaidia kukua. Mwaka 2024 karatasi ile iliuzwa mnadani London kwa pauni 762,400. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na Messi aliundwa kwa sehemu kubwa na klabu hii. Aliilipa kwa mabao 672 katika mechi 778. Hata tukizijumlisha fedha zote alizolipwa tangu utotoni, sidhani kama kuna biashara ya mpira iliyozaa kuliko hiyo. Anayeupima mkataba wa 2017 peke yake anakata utepe mrefu na kupima kipande cha mwisho tu.

Na mapato? Katika orodha ya kampuni ya Deloitte, Barcelona ilishika nafasi ya kwanza duniani kwa mara ya kwanza katika msimu wa 2018/19, kwa mapato ya euro milioni 840.8. Rakuten ya Japani ilikuwa inalipa euro milioni 55 kwa mwaka kuandikwa kifuani. Hakuna awezaye kukata kipande cha mapato hayo na kusema hiki ni cha Messi na hiki ni cha klabu. Lakini mtu asitudanganye kwamba kampuni ya Tokyo ilivutiwa na mabeki wa pembeni. Hoja moja tu ya watetezi wa Messi siikubali, ile inayosema kwamba mchezaji mkubwa hujilipa kwa mauzo ya jezi. Sehemu kubwa ya fedha ya jezi huenda kwa kampuni inayozitengeneza na kwa wenye maduka. Klabu hupata kipande tu. Na jezi nyingi za Messi zilizovaliwa katika miji yetu ya Afrika Mashariki zilikuwa za kuigizwa au za mitumba, ambazo Barcelona haikupata kitu kwazo.

Kilichoiangusha Barcelona ni kwamba mshahara wa Messi uligeuka kuwa rula ya kupimia mishahara ya wengine. Ukimpa wa kwanza 100, wa pili hatakubali 20. Atasema, basi nipe 40, na wa tatu atamtazama wa pili. Klabu yenye uongozi ingeweza kumwambia wa pili wazi: huyu ni Messi, wewe si Messi. Barcelona haikuwa na mdomo wa kusema hivyo. Iliwapa wachezaji wa kawaida mishahara ya nyota na nyota wa kawaida mishahara ya miungu. Tarehe 20 Oktoba 2020, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya Korona, iliwaongezea mikataba Piqué, ter Stegen, Lenglet na de Jong kwa mpango wa kuahirisha malipo hadi miaka ya mbele. Wiki moja baadaye Bartomeu na bodi yake walijiuzulu. Wanachama zaidi ya 20,000 walikuwa wametia saini kutaka apigiwe kura ya kumwondoa.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulitolewa na rais aliyemfuata, Joan Laporta, tarehe 6 Agosti 2021, siku moja baada ya klabu kutangaza kwamba Messi anaondoka. Messi alikuwa amekubali kubaki kwa nusu ya malipo. Laporta alieleza kwamba akibaki, mishahara ingefika asilimia 110 ya mapato, na akiondoka ingekuwa asilimia 95. Msomaji asiipite haraka tarakimu hiyo ya pili. Klabu imemwachia mchezaji bora kuliko wote katika historia yake, na bado katika kila euro 100 zinazoingia, 95 zinatoka kama mishahara. Mzigo uliokuwa ukiitwa Messi uliondoka, na ngamia akabaki amepiga magoti.

Nilisema kuna kipengele nisichoweza kukitetea. Ni zile milioni 78 za uaminifu. Agosti 2020, siku chache baada ya Bayern, Messi alituma barua rasmi akitaka kuondoka bure. Klabu ilikataa, ikisema siku ya mwisho ya kutumia haki hiyo ilikuwa imepita na kwamba anayemtaka alipe milioni 700. Akabaki kwa sababu hakutaka kuipeleka mahakamani klabu iliyomlea. Siwezi kumlaumu kwa kutaka kuondoka, kwani yeyote aliyeitazama timu ile angetaka hivyo. Lakini uaminifu unaoandikwa kwenye mkataba na kulipiwa mamilioni ni kodi ya pango tu, na mpangaji anayelipwa kwa kukaa haonekani mwaminifu kuliko mwingine. Wakili aliyekiandika kipengele kile alijua kazi yake. Wakili wa klabu ndiye sijui alikuwa akifanya nini.

Upande mwingine wa daftari uandikwe pia. Machi 2020, mpira uliposimama, wachezaji wa Barcelona walikubali kukatwa asilimia 70 ya mishahara yao, na Messi ndiye aliyetangaza kwamba watachangia ili wafanyakazi wa kawaida wa klabu walipwe kamili. Katika tangazo hilo hilo aliwachoma viongozi waliokuwa wakiwasukuma wachezaji hadharani. Wafagiaji wa Camp Nou na watunza nyasi walipata mishahara yao mwezi ule. Jambo hilo halimo katika zile kurasa 30.

Ili kuona kwamba mkataba mkubwa unaweza kuandikwa kwa akili, tuvuke bahari mpaka Los Angeles, miaka kumi nyuma. Januari 2007 David Beckham alitangaza kwamba anakwenda LA Galaxy, na magazeti yakaandika dola milioni 250 kwa miaka mitano. Tarakimu ile ilikuwa ya kupigia tarumbeta. Mshahara wake wa klabu ulikuwa dola milioni 6.5 kwa mwaka, na zilizobaki zilikuwa matarajio ya matangazo na mgawo wa mauzo. Ligi ya Marekani ina ukomo wa mishahara kwa kila timu, hivyo ilitunga kanuni maalumu ambayo watu waliipa jina lake: katika ukomo huo Beckham alihesabiwa kama dola 400,000 tu, na kilichozidi kilitoka mfukoni mwa mwenye klabu. Kwa maneno mengine alijengewa uzio. Mshahara wake haukuweza kuwa rula ya mtu mwingine yeyote.

Uwanjani, miaka miwili ya kwanza ilikuwa aibu. Mwaka 2007 alicheza mechi tano za ligi bila bao, akiwa ameumia kifundo cha mguu na kisha goti, na Galaxy haikuingia hatua ya mtoano mwaka huo wala uliofuata. Alipotoka kuazimwa AC Milan mwaka 2009, mashabiki wake mwenyewe walimzomea. Ubingwa ulikuja baadaye, 2011 na 2012. Lakini watu 66,237 walijaza uwanja karibu na New York Agosti 2007 kuitazama mechi iliyokwisha 5-4, katika ligi ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa na wastani wa watazamaji 15,000 na ushee. Timu 13 za mwaka 2007 zilikuwa 19 alipoondoka. Beckham mwenyewe alikuwa na haki ya kununua timu mpya kwa dola milioni 25, wakati ambapo San Diego mwaka 2023 ililipa milioni 500 kuingia ligi ile ile. Timu aliyoipata ni Inter Miami, na Julai 2023 mchezaji aliyemsajili huko alikuwa Messi.

Sitaki kumfanya Beckham malaika. Kwa upande wa utu, mkataba wake ulinichukiza kuliko wa Messi. Katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo alikaa na wenzake waliokuwa wakilipwa dola 30,000 hivi kwa mwaka, mtu mmoja sawa na zaidi ya mia mbili. Kama uzio ule uliilinda klabu, uliwalinda pia matajiri wasiwape wengine nyongeza. Hata hivyo kama angeshindwa kabisa, hasara ingekuwa ya bilionea aliyeamua mwenyewe kujaribu bahati yake. Barcelona haina bilionea. Ni mali ya wanachama wake, zaidi ya laki moja, wanaolipa ada kila mwaka na kumchagua rais. Bartomeu alipotia saini alitumia fedha ambazo si zake, kwa kipindi ambacho hakuwa na hakika ya kukimaliza.

Sisi Wanyarwanda tunalielewa hilo haraka, kwa sababu wengi wetu tumo katika ibimina, vile vikundi vya kuweka akiba ambamo mweka hazina hushika fedha za jirani zake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Rayon Sports yetu, sawa na Simba na Yanga za Tanzania, ilijengwa na mashabiki wanaochanga. Kiongozi anayeogopa kuzomewa Jumamosi anaweza kusajili mshambuliaji Ijumaa kwa fedha ya mwakani, na hahitaji milioni 555 ili kuiumiza klabu. Kwa klabu ya kiasi chetu, mishahara ya miezi mitatu inatosha.

Huko Biryogo, Nyamirambo, ambako Kiswahili cha Kigali kinazungumzwa juu ya chai na chapati, nimesikia mara nyingi swali hili likirushwa dhidi ya Messi: milioni 555 zingejenga hospitali ngapi? Swali ni zuri ila limepelekwa kwa mtu mwingine. Barcelona si wizara ya afya, na fedha ile isingejenga zahanati hata moja Nyamirambo. Lakini liko mahali ambapo swali hilo linafaa. Mwaka 2018 jina "Visit Rwanda" liliwekwa kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, kwa fedha zilizotajwa wakati ule kuwa pauni milioni 30 kwa miaka mitatu, na mwishoni mwa 2019 tukaingia mkataba na PSG pia. Messi alipofika Paris Agosti 2021, tangazo letu lilikuwa limekwisha mtangulia. Tulipata uso wake bila kuwa tumeulipia, bahati ya mwenye duka ambaye barabara mpya imepita mlangoni kwake. Serikali hujibu kwa hesabu ya watalii wanaokuja, na jibu hilo linastahili kusikilizwa. Ila hapo fedha ni yetu, na kuuliza mara kwa mara kama inalipa, kwa maana zote mbili za kitenzi hicho, ni haki yetu kuliko kumwuliza Messi.

Turudi Catalonia, kwa kuwa hesabu ya huko haijafungwa. Messi alilia mbele ya waandishi tarehe 8 Agosti 2021, akaenda zake. Klabu ilitangaza hasara ya euro milioni 481 kwa msimu uliokuwa umekwisha. Kiangazi cha 2022 Laporta aliuza robo ya mapato ya televisheni ya Ligi ya Hispania kwa kampuni ya Marekani, Sixth Street, kwa muda wa miaka 25. Fedha zile zilipoingia, klabu iliwanunua Lewandowski, Raphinha na Koundé, na msimu uliofuata ikawa bingwa wa Hispania. Mwanachama aliyeandikishwa na baba yake siku aliyozaliwa mwaka ule atakuwa na umri wa miaka 25 kabla robo ile haijarudi nyumbani.